Hukumu ya Kava: Historia Fupi ya Mapenzi Tunayoyakataa Bila Kuyasoma

Kama kawaida yetu hapa simtaji mtu jina, ila wa Geita mtajiongeza wenyewe.

Miezi kadhaa nyuma jamaa mmoja, karani kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu nje kidogo ya mji, alipeleka simu kwa fundi. Kioo kilikuwa kimepasuka. Fundi akabadilisha kioo, akaanza kujaribu kama kinashika vizuri, na katika kujaribu huko akafungua faili lililokuwa limesomwa mwisho. Ilikuwa riwaya ya Kiingereza kwenye PDF. Kava la rangi ya waridi, vijana wawili wa kuchorwa, wote wa kiume. Fundi akapiga picha, akaitupia kwenye grupu la WhatsApp.

Hadi jioni jamaa alishahukumiwa. Mi nilikuwemo kwenye hilo grupu, nimeona kwa macho yangu. Wengine wakacheka, wengine wakataka atolewe, mmoja akasema atamfuata kazini kwake. Kuna mmoja tu aliuliza, "Kwani kinahusu nini hicho kitabu?" Hakujibiwa. Hakujibiwa kwa sababu moja rahisi: hakuna aliyekuwa amekisoma, hata huyo fundi.

Nimekaa na hilo swali muda mrefu. Ndo maana leo nataka tupige stori ya historia, tuone vitabu vya mapenzi vimehukumiwaje, kwetu na kwa wenzetu, halafu uamue mwenyewe.

Tuanze na wazee wetu. Enzi za bando hazijaja, watu walisoma riwaya za mkononi, zile zinazopita mtu hadi mtu mpaka kava linachanika. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, humo ndani kuna jasusi Willy Gamba, watu wanakufa kila baada ya kurasa chache. Ben Mtobwa naye na Joram Kiango wake. Baadaye zikaja hadithi za kuendelea kwenye magazeti, za kina Eric Shigongo, yule aliyechaguliwa mbunge wa majirani zetu wa Buchosa mwaka 2020. Usaliti, fumanizi, damu, machozi, itaendelea wiki ijayo. Sasa niambie, kuna baba aliyewahi kuitwa muuaji kijiweni kwa sababu amekutwa na Kufa na Kupona? Hakuna. Kila mtu alijua kusoma kuhusu jambo na kulifanya ni vitu viwili. Ukija kwenye mapenzi ya wanaume wawili, hiyo akili tunaiacha nyumbani.

Lakini si kweli kwamba ni mapenzi ya jinsia moja tu yaliyowahi kuhukumiwa. Twende Ukerewe, humu humu ziwani kwetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi ila mkali kama pilipili. Binti anaandikiwa barua na mvulana, baba anajua, anampiga kipigo cha kinyama. Haulizi barua imesemaje, haulizi binti yake anajisikiaje, yeye anahukumu bahasha. Rosa anakua hajui hata namna ya kuongea na mwanaume, akitoka nyumbani dunia inamchezea, na mwishowe anajiua.

Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni. Walisema kina mambo machafu. Miaka ikapita, kikaruhusiwa, na baadaye kikawa kitabu cha kusomwa sekondari. Yaani kitabu kile kile, maneno yale yale, kilichobadilika ni msomaji. Kezilahabi alifariki Januari 2020 akiwa anaheshimika kama mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kiswahili, na Rosa ni sehemu ya heshima hiyo.

Mwaka huo huo wa 1971, London, kikatoka kitabu kingine. Kinaitwa Maurice, mwandishi ni E. M. Forster. Hapa ndo pananogea. Forster alikiandika mwaka 1913 na 1914, akakificha, akawa anawasomesha marafiki wachache tu. Hakukichapisha hadi anakufa mwaka 1970, ana miaka 91. Kwa nini? Kwa sababu kinahusu wanaume wawili wanaopendana, na Uingereza hilo lilikuwa kosa la jinai mpaka mwaka 1967.

Stori yenyewe iko hivi. Maurice anampenda Clive, mwenzake wa chuo kikuu. Clive anaingiwa na woga, anaachana naye, anaoa. Maurice anazunguka kwa madaktari akitaka "aponywe", haiwezekani. Mwisho anakutana na Alec, mfanyakazi wa mashamba ya huyo huyo Clive, kijana wa tabaka la chini. Wanaacha kila kitu, wanabaki pamoja. Basi. Hakuna anayekufa.

Na hicho cha mwisho ndicho kilikuwa tatizo. Forster mwenyewe alieleza kwamba mwisho wa furaha kwake ulikuwa lazima, na kwamba kama angemaliza kwa kijana kujinyonga, kazi ya kukichapisha ingekuwa nyepesi zaidi. Fikiria hilo kidogo. Kwamba kitabu kinachowaua kingekubalika, kinachowaacha hai ndicho hatari. James Baldwin wa Marekani alitoa Giovanni's Room mwaka 1956, humo Giovanni anaishia kukatwa kichwa na serikali ya Ufaransa. Ni kitabu kizuri sana, kinauma, lakini ukisoma vitabu vya aina hii vya zamani unazoea: atakayependa, atazikwa.

Na isije ikaonekana hiyo sheria ya Waingereza ni ya huko mbali. Walikuja nayo hapa walipotawala Tanganyika, wakaiacha kwenye Kanuni ya Adhabu, ndicho kifungu cha 154. Mwaka 1998 sisi wenyewe tukaongeza adhabu. Leo ni kifungo cha maisha, na isipungue miaka 30. Waingereza walishaifuta kwao, sisi tumeikaza. Ila sikiliza vizuri: kifungu hicho kinaongelea kitendo. Hakisemi lolote kuhusu mtu aliyekaa kitandani kwake na kitabu. Ndo maana nasema lile grupu lilikuwa kali kuliko sheria yenyewe.

Najua kuna mdau hapo anasema, "Haya mambo ni ya Wazungu, fasihi yetu haina." Poa, tukutane na Abunuwasi.

Yule yule. Abunuwasi wa shule ya msingi, mjanja wa hekaya, anayewazidi akili matajiri na wafalme. Alikuwa mtu kweli, Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa karne ya 8, aliyeingia hadi kwenye jumba la Harun al-Rashid. Na umaarufu wake kwa Waarabu haukutokana na hizo hekaya. Alijulikana kwa mashairi ya mvinyo na mashairi ya kutamani vijana wa kiume. Sisi tulipewa Abunuwasi aliyeoshwa, tukamcheka tukiwa darasa la nne, hatukuambiwa nusu ya pili.

Sasa hapa sitaki kumtetea kijinga. Baadhi ya hao aliowatungia, kwa vipimo vyetu vya leo tungewaita watoto. Kuwa mshairi mkubwa hakumfutii hilo. Na hapa ndipo tunapofika kwenye swali ambalo wengi wetu tunalikoroga: kuna tofauti gani kati ya kupendana na kuonewa?

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ana riwaya inayolijibu swali hilo vizuri. Aliitoa mwaka 1994 kwa Kiingereza, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota. Humo kuna Yusuf, mvulana wa miaka 12, anawekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Ni mzuri wa sura, na kila anapopita watu wazima wanamtamani, wake kwa waume. Kwenye msafara kuna mnyapara anayeogopwa, anayejulikana kwa kuwaingilia wapagazi kwa nguvu. Gurnah haiiti hiyo mapenzi. Kila ukurasa unakuonyesha ni nani mwenye fimbo na ni nani hana pa kukimbilia.

Maurice na Alec ni watu wazima wawili, kila mmoja ana hiari ya kuondoka, na mmoja anaahirisha safari ya maisha yake ili abaki. Mnyapara wa Peponi ana mamlaka na viboko. Mtu akiniambia vitabu hivi viwili vinaongelea kitu kimoja kwa sababu vyote vina wanaume, huyo hajasoma hata kimoja. Na hasara yake si ndogo: tukiviweka kwenye kapu moja, tunawatukana wanaopendana, na hapo hapo tunawafichia siri wanaonajisi watoto, kwa sababu kila mtu anaona aibu hata kulitaja jambo.

Turudi karibu na nyumbani. Mwaka 2007 Mganda, Monica Arac de Nyeko, alishinda Tuzo ya Caine, ile tuzo kubwa ya hadithi fupi za Afrika. Hadithi yake inaitwa Jambula Tree, na jambula ni zambarau hizi hizi tunazokula zikachafua midomo. Wasichana wawili, Anyango na Sanyu, wa kwenye nyumba za Nakawa, Kampala. Wanakutwa pamoja usiku chini ya mzambarau. Sanyu anapelekwa London. Anyango anabaki na maneno ya majirani, na hasa ya mama mmoja mmbea anaitwa Mama Atim. Hadithi nzima ni barua ambayo Anyango anamwandikia mwenzake.

Unaona? Rosa alipigwa kwa barua. Anyango anaandika barua. Na kila mtaa una Mama Atim wake. Wetu ana Android na bando la mwezi.

Mkenya Wanuri Kahiu akaichukua hadithi hiyo akatengeneza filamu, Rafiki. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes kwenye programu rasmi, na mwaka huo huo bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno, wahusika hawajutii. Akakataa. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na Nairobi watu walipanga foleni hadi tiketi zikaisha.

Mwisho wenye matumaini! Forster alilijua hilo tangu 1914. Zaidi ya miaka 100 imepita, bara lingine, tatizo ni lile lile: mnaweza kupendana kwenye kitabu, ila lazima muishe vibaya.

Ndo maana hizi riwaya za siku hizi, za mapenzi ya jinsia moja yanayoisha vizuri, zimeleta fujo. Zimejaa mitandaoni. Kuna tamthilia za Thailand ambazo dada zetu wanazijua kuliko mi ninavyojua msimamo wa Ligi Kuu, nyingi zimetokana na riwaya. Na kuna hiki cha kava la waridi cha yule karani wetu. Nilikitafuta nikakisoma chote, siku nne. Kinaitwa Red, White & Royal Blue, mwandishi ni Casey McQuiston, kilitoka mwaka 2019. Mtoto wa Rais wa Marekani, Rais mwenyewe ni mwanamke, anampenda mwanamfalme wa Uingereza.

Nikihukumu? Nahukumu, tena bila huruma.

Kwanza, sukari imezidi. Kila mtu ni mzuri, kila mtu ana maneno ya kuchekesha mdomoni, hakuna anayewaza kodi ya nyumba. Mapenzi ya watoto wa ikulu ni rahisi kuyamaliza vizuri, kuna walinzi, kuna wanasheria, kuna ndege. Alec wa Forster alikuwa na nini? Mikono yake. Kwa hiyo ule mwisho wa Maurice umegharimu zaidi, na kwangu mimi una uzito zaidi.

Pili, riwaya nyingi za aina hii zinawatumia wanawake kama mlango: mchumba anaingia kuleta ugomvi, akishamaliza kazi anatupwa nje, hatuulizi ameumia vipi. Forster naye yumo. Mke wa Clive anabaki kwenye ndoa na mtu asiyemjua, na kitabu kinampita kama nguzo ya umeme. Msomaji mzuri anapaswa kuuliza, na huyu je?

Tatu, usidanganyike kwamba mwisho wa furaha ndo dalili ya kitabu kizuri. Rosa anakufa na bado Rosa Mistika ni kizito. Swali ni, nani kamuua? Rosa ameuawa na baba yake, na shule, na mtaa, na Kezilahabi anakuonyesha kila mkono ulioshika kisu. Hiyo ni hadithi. Lakini mhusika akifa kwa sababu tu mwandishi aliogopa bodi, hiyo ni rushwa.

Pamoja na malalamiko yote hayo, kuna sehemu moja ya kile kitabu cha waridi iliyonifanya nizime data nikae kimya. Hao vijana wawili wanaandikiana barua pepe za siri. Za utani, za mapenzi, za kuogopa. Halafu siku moja zinavujishwa, dunia nzima inazisoma, na kila mtu anageuka hakimu. Anayeumia zaidi anaumia kwa sababu hakupewa nafasi ya kusema mwenyewe, kwa maneno yake, siku anayoitaka.

Binyavanga Wainaina wa Kenya aliipata hiyo nafasi kwa kuichukua. Januari 2014, siku ya kuzaliwa kwake, alitoa andiko akimwambia mama yake, ambaye alishafariki, kile ambacho hakuwahi kumwambia akiwa hai. Alifariki mwaka 2019. Unaweza usikubaliane naye, ila alijisemea mwenyewe. Hakuna fundi aliyemsemea.

Najua mtakuja na hoja ya watoto, na ni hoja ya haki. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ikiwemo ile mifululizo ya Diary of a Wimpy Kid, ikisema vinakwenda kinyume na mila na desturi. Kuchagua kitabu cha mtoto ni kazi ya mzazi na mwalimu, mi sina ugomvi na kuwepo kwa kazi hiyo, ninachoomba ni anayechagua awe amesoma. Ila yule karani hakuwa mtoto, hakuwa darasani, na hakumsomea mtu. Alikuwa mtu mzima na simu yake.

Na tusisahau hata neno lenyewe tunalorushiana. Pwani mpaka leo mwanamke akimwita mwenzake "shoga" anamaanisha rafiki wa kufa na kuzikana. Sisi tumelifanya jiwe. Neno lililokuwa la upendo limebaki la kumtupia mtu.

Hizi ndo hukumu zangu, na vipimo vyangu umeviona: je, wote wawili wana hiari? Je, anayeumizwa pembeni ameonekana? Je, mwisho umetoka kwenye hadithi au kwenye woga? Ni vipimo vile vile ninavyotumia kwa riwaya ya mvulana na msichana. Kama una vingine, vilete, ila kwanza fika ukurasa wa mwisho.

Karani alihama. Sisemi kaenda wapi. Kabla hajaondoka nilikutana naye stendi, tukanywa chai, hatukugusia grupu. Sikumuuliza yeye ni nani na anampenda nani, na wewe usiniulize. Aliniambia kitabu alikifuta siku ile ile kwa hofu, akiwa hajafika hata nusu. Hajui kama kuna barua zilizovuja humo ndani.

Akanyamaza kidogo, akaangalia begi lake, akaniuliza, "Hivi wewe ulikimaliza? Iliishaje?"

Nikamwambia iliisha vizuri. Akacheka. Nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu simu yake ipasuke kioo.